Mwalimu wa X Nyekundu

Ukitaka kumuudhi Mwalimu, iite homoni dawa. Unaweza kumchelewesha saa nzima akakungoja, unaweza kumkanyaga mguu kwenye foleni ya zahanati akakupa pole wewe uliyemkanyaga. Lakini sema "dawa ya kukuza zabibu" mbele yake uone. Atavua miwani, ataipangusa kwa ncha ya shati, kisha atakuuliza taratibu, "Kwani mzabibu unaumwa nini?"

Nimemjua miaka minane. Kwanza alikuwa mwalimu wangu wa bailojia kwenye shule moja ya kata huku Miyuji, halafu akawa mstaafu mwenye mistari minne ya zabibu Makutupora, uzio kwa uzio na shamba ninalofanya kibarua. Wote walimwita Mwalimu, na mimi nitamwita hivyohivyo. Alizaliwa lini na wazee wake ni akina nani sitasema, sikuwahi kuuliza na yeye hakuwa mtu wa kukupa habari usiyoiuliza.

Niseme mapema kwamba naandika nikiwa na hasira. Mtu huyu alinifundisha kitu kikubwa kuliko vyote ninavyovijua, na mtu huyuhuyu alishika kalamu nyekundu akapiga X kwenye jina langu. Nikiwa kidato cha tatu nilimuuliza swali moja. Hakunijibu. Nimelibeba hilo swali kama nilivyombeba mwanangu, nikachoka nalo zaidi.

Alikuwa anaandika kwa penseli. Daftari zake zote, hata orodha ya vitu vya sokoni, penseli. Alisema mtu anayeandika kwa wino ana uhakika mwingi kuliko akili. Lakini madaftari yetu aliyasahihisha kwa kalamu nyekundu, tena alibonyeza mpaka alama inatokea ukurasa wa nyuma. Nilishawahi kumuuliza mbona hivyo, akasema, "Makosa yangu nayafuta mwenyewe. Yenu lazima myaone." Darasa zima tulimchukia siku ile.

Hakusema "vizuri". Ukijibu sawa alisema "endelea", ukijibu sawa tena, "endelea", mpaka unafika mahali hujui, hapo ndipo anatabasamu, kana kwamba alikuwa anakusindikiza kwenda hapo tangu mwanzo. Na ukimletea maneno ya kusikia, kwamba inasemekana hivi, watu wanasema vile, anakukata: "Nani kaona?" Mwanafunzi aliwahi kumwambia bwenini kuna jini linabana wasichana usiku. "Nani kaona?" Matroni akamwambia mpishi anaiba mafuta. "Nani kaona?" Mpishi alikuwa anaiba kweli, sote tulijua, lakini Mwalimu alikaa kwenye kikao akakataa kutia sahihi kwa sababu hakuna aliyeona. Hiyo ndiyo haki yake. Ilikuwa nzuri mpaka siku ilipokugeukia.

Mimea aliipa heshima ambayo sisi hatukuipata. Nilimwona mara moja anarudi kutoka njiani, jua la saa saba, kilometa nzima, kwa sababu alikumbuka ameacha mche wa mpapai umeegeshwa ukutani badala ya kivulini. Mwanafunzi aliyezimia paredi siku hiyohiyo alimwambia, "Umekunywa chai? Hukunywa. Basi umejijibu." Alipenda kuku lakini hakula mayai. Alisali swala zake kwa wakati, na akimaliza alikunja msala kwa vipimo kama anakunja ramani, kisha anarudi kwenye vitini vyake alivyotumiwa na mwanafunzi wake wa zamani aliyefika chuo. Aliwahi kusomea mimea chuo kikuu akaishia njiani. Kwa nini aliishia hakusema. Ila alivisoma vitini vile jinsi mama yangu anavyosoma Zaburi, kwa kidole, huku midomo inacheza.

Sasa somo lenyewe.

Ilikuwa Jumatatu. Mada ilikuwa homoni za mimea: majina matano, kazi zake, mistari ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Akaandika ubaoni, tukanakili. Zikabaki dakika ishirini. Akatazama dirishani. Ng'ambo ya barabara nyumba zilikuwa zimepigwa X nyekundu, zitabomolewa kupisha upanuzi wa barabara, na wenyewe walishaanza kuvua mabati.

"Nani atabomoa zile nyumba?" akauliza.

"Tingatinga, Mwalimu."

"Linajuaje ibomolewe ipi?"

"Linafuata X."

"Dereva wake anawajua wenye nyumba?"

"Hawajui."

"Ana ugomvi nao?"

"Hana, Mwalimu."

"Basi nani hasa anabomoa?"

Msichana mmoja wa nyuma akasema, "Yule mwenye kopo la rangi." Tukacheka. Mwalimu hakucheka. Alimnyooshea chaki.

"Huyo. Huyohuyo yumo ndani ya jani."

Akatuambia hivi. Ndani ya kila chembe hai ya mmea zipo jeni za kurefuka, zimekamilika, zipo tayari. Hazingoji kutengenezwa. Lakini juu yake amekaa mlinzi, protini moja ambayo kazi yake ni kusema hapana. Akiwepo, jeni hazisomwi, mmea unabaki mfupi. Wakulima wakimimina homoni ya kurefusha wanadhani wanaupa mmea nguvu, kama uji. Hapana. Homoni inaingia kwa mpokeaji wake, inakaa mle kama ufunguo kwenye kitasa, na mpokeaji akishaipata anaweza kumkumbatia mlinzi. Kumkumbatia tu. Mlinzi akishikwa hivyo, kinakuja kimeng'enya chenye kopo la rangi kinampiga X. Kinaongeza nyingine juu yake, na nyingine. Halafu kuna pipa la kusagia, nalo halimjui mtu, linaangalia X tu. Mlinzi anaingia humo anatoka vipande. Jeni zinasomwa. Shina linarefuka.

"Na vipande?" mtu akauliza.

"Mnawaona wale wanavyokusanya matofali na mabati? Hakuna kinachotupwa. Vitajengea protini nyingine. Hata ile rangi haisagwi. Inabanduliwa, inarudi koponi."

Nilikuwa nimeegemea ukuta, tumbo linanichafuka tangu asubuhi, na nakumbuka nilisahau kuchafukwa. Nilitazama majani ya mwarobaini dirishani, yametulia tuli, hakuna upepo, na nikafikiria kwamba mle ndani muda huu kuna kupigwa X, kuna kusagwa, kuna kubomoa kusikokwisha, na sisi kwa nje tunaona jani limetulia na tunasema linakua. Kwamba mti ni mji unaobomolewa kila dakika, na usipobomolewa haukui. Sijawahi kuingia mahali pa ibada nikajisikia hivyo. Mwili ulinisisimka mpaka kichwani.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, X ikishapigwa, inaweza kufutwa?"

Alikuwa na jibu la kila kitu, hata kama jibu ni "sijui, katafute." Siku ile alinitazama. Chaki ilikuwa mkononi, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Kaa chini," akasema.

Hakuwahi kumwambia mtu kaa chini kwa sababu ya swali.

Ijumaa iliyotangulia tulipimwa mimba. Wasichana wote, foleni mlangoni pa maabara, kila mmoja na kikopo chake. Aliyeshika vipimo ni Mwalimu, kwa sababu ndiye aliyeaminika na vitu vya maabara. Na nitasema ukweli, aliifanya kazi ile vizuri kuliko mtu yeyote ambaye angeifanya. Alikataa majina kuandikwa kwenye vikopo, akatoa namba, ili msichana wa mbele asijue ya wa nyuma. Alibadilisha glavu. Alitwambia hata kipimo kinasoma nini, kwamba ile nayo ni homoni, inatoka kwa mtoto kumwambia mama asiifunge nyumba. Nilikuwa namba kumi na nne.

Jumatatu, baada ya lile somo, niliitwa ofisini kwa makamu mkuu. Mwalimu alikuwepo, amesimama karibu na kabati, rejesta ya darasa letu mbele yake, kwa sababu alikuwa ndiye mwalimu wetu wa darasa. Makamu akasema maneno mengi ambayo siyakumbuki. Kisha akasema, "Mwalimu, mtoe."

Mtu wa penseli akachukua kalamu nyekundu. Tena akachukua rula. Akaweka rula kwenye jina langu kona kwa kona, akavuta. Akaigeuza, akavuta tena. X imenyooka kuliko zile za ukutani. Hakunitazama mimi, alitazama rula.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Baba wa mtoto hakupigwa X popote, aliendelea kupakia abiria na pikipiki yake, na mpaka leo anapakia. Nikamzaa Pendo. Baadaye mlango ukafunguliwa kwa wasichana wenye watoto kurudi shule, nikarudi, shule nyingine, nimekaa dawati moja na watoto wanaonichungulia kifuani maziwa yakivuja. Nikamaliza kidato cha nne. Bailojia nilipata B. Kwenye swali la homoni niliandika zaidi ya nafasi waliyotoa.

Nilipoanza kibarua Makutupora sikujua kama yupo huko. Nilikuwa nainama chini ya waya nafunga matawi, nikasikia mtu ng'ambo ya uzio anamgombeza panzi. Anamgombeza kwa Kiswahili fasaha, kwamba ana majani yote ya bonde hili, ya nini kuja kwenye mche wenye siku tatu. Nikaijua sauti.

"Shikamoo, Mwalimu." Nilimwamkia kwa sababu mama yangu alinilea.

"Marahaba." Akanitambua, niliona. "Unafanya nini hapa?"

"Kibarua."

"Ulimaliza?"

"Nilimaliza. Sio kwako."

"Bailojia?"

"B."

"Endelea," akasema, akarudi kwa panzi wake.

Tukawa tunaonana hivyo, uzio katikati. Saa ya kupumzika Pendo alikuwa anajipenyeza chini ya waya anamfuata, na yeye, ambaye hakuwa na subira na mtoto yeyote wa mtu, alimpa kioo chake cha kukuzia atazame vikono vya mzabibu, vile vinavyojikunja kushika waya. "Babu, kimeshika," Pendo akasema. "Nani kaona?" "Mimi nimeona." "Basi ni kweli," akamwambia, na akaandika kwenye daftari lake, kwa penseli, mbele yangu, kwamba kimeshika. Nilitaka kumpenda kwa hilo. Nikakumbuka rula.

Msimu huu ndipo yalipotokea ya mstari wa sita na wa saba.

Shamba letu lina kipande cha zabibu za mezani, zile zisizo na mbegu. Vishada vyake vikiachwa hivihivi vinabanana, zabibu zinaoza katikati, ndiyo maana vinanyunyiziwa homoni virefuke vipate hewa. Msimamizi wetu hupima unga wake stoo mwenyewe asubuhi, anauchanganya, anatujazia kwenye mabomba ya mgongoni, kila mtu na mistari yake. Mimi nilipewa wa sita na wa saba, kule mwisho kwenye uzio, miche mipya iliyoletwa kutoka shamba jingine na ilikuwa ndiyo inazaa mara ya kwanza. Tulijua ni mifupi. Tulisema ni magadi kwenye udongo, au mchwa.

Nikanyunyiza. Kila kishada, juu na chini, mpaka inadondoka. Siku zikapita, mistari ya wenzangu vishada vikanyooka kama vidole, yangu ikabaki imejikunja ngumi.

Msimamizi akaniita mbele ya watu.

"Mama Pendo, dawa umepeleka wapi?"

"Nimenyunyiza."

"Umenyunyiza maji. Dawa haichagui mti. Ikifika inafanya kazi. Haikufanya kazi, ina maana haikufika. Haikufika, ina maana wewe."

"Niuze kwa nani? Unga ulioshachanganywa na maji nani ananunua?"

"Utajua mwenyewe. Kuna watu wana zabibu zao hapa jirani." Akaangalia ng'ambo ya uzio.

Sechelela, mwenzangu wa mstari wa tano, akajaribu kuleta utani ili kupoza. "Labda ameinywa mwenyewe. Ila mbona naye harefuki?" Watu wakacheka, maana mimi ni mfupi kweli. Msimamizi hakucheka. Alifungua daftari la vibarua, akatoa kalamu, akapiga X kwenye jina langu. Nyekundu. Kalamu nyeusi ilikuwa sikioni kwake, lakini alichagua nyekundu.

Makutupora mtu akitolewa shamba moja kwa wizi, hapati kazi nyingine. Wasimamizi wanapigiana simu kabla hujafika barabarani. Na mimi sina kazi nyingine ninayoijua. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Mwalimu, na sikumwamkia.

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha, huyo mzee, akaniuliza, "Hukumwaga?"

"Sikumwaga."

"Nani kaona?"

Nilikuwa na mkasi wa kupogolea mkononi. Nasema hivyo tu.

"Hakuna aliyeona," nikamwambia. "Nilikuwa peke yangu na bomba. Ina maana hata wewe huniamini."

"Sijasema sikuamini. Nimesema neno lako litapigana na neno lake, na la kwake lina daftari." Akatafuta kofia yake. "Tutauliza mzabibu."

Akaja. Msimamizi alimwona tangu mbali, akaanza.

"Mwalimu, karibu. Umestaafu darasa sasa unafundisha miti?"

"Inasikiliza kuliko wewe. Nani kaona huyu anamwaga?"

"Dawa haijafanya..."

"Mzabibu unaumwa nini?"

"Ninyi watu wa Kondoa mna maneno."

"Nanyi Wagogo mna zabibu. Nipe kikombe kimoja cha hiyo yako. Changanya mwenyewe, kwa mkono wako, mimi sigusi."

Msimamizi akachanganya, kwa kujionyesha, akitangaza kila kijiko. Mwalimu akachagua vishada vitatu kwenye mstari wa tano wa Sechelela, mahali ambapo bomba halikuwa limefika, na vitatu kwenye wa saba wangu. Akavifunga uzi mwekundu. Akamwambia msimamizi achovye mwenyewe, kikombe kilekile, saa ileile, kimoja huku, kimoja kule. Kisha akavifunika kwa bahasha za kaki na kumpa yeye, msimamizi, atie sahihi yake juu ya kila bahasha.

"Siku kumi," akasema. "Vyote vikirefuka, huyu mwanamke ni mwizi, na mimi nitakuja kukuomba radhi. Vikirefuka vya wa tano peke yake, utajua wewe."

Nilisikia vizuri. Alisema ni mwizi. Alikuwa tayari kwa yote mawili.

Lakini kabla hatujaondoka akapita tena mstari wa saba, akainama, magoti yakalia, akashika tawi moja. Akavua miwani. Hakuipangusa. Alibaki amechuchumaa kwa muda mpaka nikadhani amepatwa na kitu.

"Njoo uone," akaniambia, sauti imeshuka. "Kikono kiko wapi?"

Nikatazama. Mahali ambapo mzabibu wowote unatoa kikono cha kushikia waya, huu ulikuwa umetoa kishada. Kidogo, kama cha kuchezea. Tawi la pili hivyohivyo. La tatu hivyohivyo. Nilikuwa nimepita hapo mara ngapi na bomba mgongoni.

"Homoni ileile ndiyo huliambia chipukizi hili liwe kikono," akasema. "Lisiposikia linakuwa kishada. Huu mti hausikii. Nadhani, nasema nadhani, mlinzi wake kabadilika pale pa kushikiwa. Homoni inafika. Mpokeaji anafika. Anamkumbatia, hashikiki. Mwenye kopo la rangi anakuja, hana wa kumpiga X. Nimesoma habari zake miaka, sijawahi kuuona." Akalipapasa lile tawi kwa kidole gumba. "Ungeumiminia pipa zima usingejali."

Tulichuchumaa pale wawili. Nilikuwa nimefukuzwa kazi asubuhi hiyo, na nimechuchumaa naangalia mti ambao ndani yake kuna mlinzi mmoja asiyekubali kuondolewa, na kwa sababu ya huyo mmoja, mkono mzima umegeuka tunda. Hasira ilikuwepo. Ilikaa pembeni ikangoja. Sijui namna ya kulieleza hilo vizuri zaidi.

Siku kumi nilikaa Miyuji nyumbani kwa mama, nafua nguo za watu. Pendo alikuwa ananiuliza kila asubuhi kama vimeshika.

Siku ya kumi msimamizi alichana bahasha mwenyewe, vibarua wote wamezunguka. Vya mstari wa tano vilikuwa vimerefuka, zabibu zimeachana, unapitisha kidole katikati. Vya wa saba vilikuwa ngumi zilezile. Uzi mwekundu ulikuwa bado umekaza kama alivyoufunga. Msimamizi akaangalia sahihi yake kwenye bahasha, akaigeuza, akaangalia tena.

Sechelela akasema, "Haya, sasa dawa imechagua mti."

"Kesho uje," msimamizi akaniambia. Hilo tu. Akafungua daftari. "Nitakuandika hapa chini, baada ya wapya."

"Sio chini," Mwalimu akasema.

"Mwalimu, pameshapigwa X."

"Naona. Si uko mstari wake pale? Andika palepale."

"Daftari litachafuka."

"Lishachafuka."

Msimamizi akakwangua ile X kwa wembe, karatasi ikabaki nyembamba mpaka unaona mwanga, akaandika jina langu juu yake. Limeandikika vibaya, wino umesambaa. Nimelitazama kila asubuhi tangu siku hiyo ninapoitwa.

Tulitoka pamoja mimi na Mwalimu hadi barabarani kungoja bodaboda. Alikuwa ameuza ile mistari yake minne, alinieleza njiani, macho hayamruhusu tena, anarudi kwao Kolo, Kondoa, kwa dada yake. Alisema kama mtu anayesema leo kuna upepo. Tukasimama. Barabara nyeupe, hakuna pikipiki hata moja.

"Lile swali lako," akasema.

Sikumuuliza lipi.

"Nilikuwa najua jibu. Siku ileile."

"Mbona hukusema?"

Akaingiza mkono mfuko wa shati, pale anapoweka penseli, akautoa mtupu. "Karatasi ya vipimo nilikuwa nayo hapa. Namba kumi na nne. Nilikuwa sijaipeleka bado."

Nilimwangalia. Ina maana wakati nimenyoosha mkono, wakati mwili umenisisimka kwa yale aliyotufundisha, X yangu ilikuwa mfukoni kwake, mbichi, na hakuna aliyekuwa ameiona isipokuwa yeye. Angeweza kuikunja. Angeweza kusema kipimo kimeharibika, apewe wiki, nimalize angalau mitihani ya muhula. Hakuna ambaye angeuliza nani kaona.

"Nijibu sasa," nikamwambia. "Kama darasani."

Akasimama sawasawa, mikono nyuma, kofia imekaa upande. Akajibu kwa sauti ya kufika dawati la nyuma, ingawa nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Kwamba ndiyo, inafutika. Kwamba vipo vimeng'enya vingine, kazi yake ni hiyo, vinapita nyuma ya mwenye kopo vinabandua rangi kabla protini haijafika kwenye pipa. Kwamba si kila X ni mwisho. Kwamba kuna muda kati ya kupigwa na kusagwa, mfupi, lakini upo, na katika muda huo aliyepo karibu anaweza kufuta. "Anaweza kufuta," akarudia, "kama anataka."

Kisha akabaki amesimama vilevile, ananingoja, kama mwanafunzi ambaye hajui kama amepata.

Sikumwambia vizuri. Sikumwambia endelea. Kulikuwa na jiwe pembeni ya barabara, nikalipangusa vumbi kwa kanga yangu.

"Kaa chini, Mwalimu," nikamwambia. "Pikipiki itachelewa."

Akakaa.